Kumwezesha Mtoto Kuushughulisha Mwili Kila Siku: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyo hapa ni yale ambayo wazazi, walezi na walimu huyarudia mara nyingi wanapozungumzia watoto na mazoezi. Kila jibu linajitegemea, na pale ambapo jambo limekwisha kuelezwa mahali pengine, msomaji anaelekezwa kwa namba ya swali. Msimamo unaoongoza majibu yote ni kwamba mtoto huchangamka zaidi pale ambapo siku yake imeachiwa nafasi ya kukimbia, kuruka na kupanda kuliko pale anapoamrishwa kufanya mazoezi.

## Misingi

1. Mtoto anahitaji kuushughulisha mwili kwa muda gani kwa siku?

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2020 unapendekeza kwamba mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kwa siku za shughuli za mwili za kiwango cha kati hadi cha juu. Mwongozo uliotangulia, wa mwaka 2010, ulitaka angalau dakika 60 kila siku. Huu wa sasa unapima wiki nzima, kwa hiyo Jumatatu yenye dakika 30 hufidiwa na Jumamosi yenye dakika 90. Ndani ya wiki hiyo, angalau siku 3 ziwe na shughuli nzito za kumfanya aheme sana, pamoja na zile zinazoimarisha misuli na mifupa, kama vile kuruka kamba, kupanda na kuning'inia.

Dakika hizo si lazima zije kwa mkupuo mmoja. Robo saa asubuhi, nyingine wakati wa mapumziko ya shule na nusu saa jioni zinatimiza hesabu ileile. Watoto walio chini ya miaka 5 wana viwango vyao (tazama swali la 5 na la 6).

2. Nitajuaje kama shughuli ni ya kiwango cha kati au cha juu bila kuwa na kifaa chochote?

Msikilize mtoto anavyozungumza. Akiwa katika kiwango cha kati anaweza kuongea bila shida, lakini hawezi kuimba. Akifika kiwango cha juu, anatamka maneno machache tu kabla ya kulazimika kuvuta pumzi. Kutembea kwa haraka huangukia katika kundi la kwanza kwa watoto wengi, na kukimbizana katika kundi la pili.

3. Mwanangu hatulii kutwa nzima. Je, hiyo haitoshi?

Huenda inatosha, ila ni vyema kuhakikisha. Mtoto hucheza kwa vipindi vifupi sana: anakimbia kwa sekunde chache, anasimama, anachuchumaa kutazama kitu, kisha anakimbia tena. Mtu mzima anayemwona akipita mbele yake mara kwa mara hupata picha ya mtoto asiyekaa, ilhali muda mrefu kati ya mapito hayo unaweza kuwa umetumika kitini. Chagua siku moja ya kawaida ya shule, uifuate tangu anapoamka hadi anapolala, na ujiulize ni wakati gani hasa alihema. Wazazi wengi hugundua kwamba muda mrefu wa kuketi uko darasani, kwenye gari na mbele ya skrini, na ugunduzi huo ndio unaoonyesha pa kuanzia.

4. Ukiacha suala la uzito, mtoto anafaidika na nini?

Suala la uzito limetawala mazungumzo haya kupita kiasi, hata wazazi wa watoto wembamba hudhani kwamba jambo hili haliwahusu. Linawahusu kikamilifu. Moyo na mapafu hupata uwezo kwa kutumiwa, awe mtoto mnene au mwembamba. Mifupa huongezeka uimara inapopokea mishtuko ya kuruka na kukimbia, na miaka ya kubalehe ndiyo ambayo mwili huhifadhi sehemu kubwa ya madini ya mifupa yatakayomsaidia mtu hadi uzeeni. Nafasi hiyo haipatikani tena kwa wingi uleule baadaye. Kuna pia usingizi unaokuja kwa urahisi, hali ya moyo iliyo nyepesi, na uwezo wa kutulia na kufuatilia somo baada ya kipindi cha michezo.

Mchezo wa nje una faida nyingine ambayo haijulikani kwa wengi. Utafiti uliofanyika katika shule za Guangzhou, China, na kuchapishwa mwaka 2015, ulionyesha kwamba kuongeza dakika 40 za kuwa nje kila siku ya shule kulipunguza idadi ya watoto waliopata tatizo la kutoona mbali.

Ukubwa wa upungufu nao unastahili kutajwa. Uchambuzi wa takwimu za nchi 146, uliotolewa mwaka 2019, ulikuta kwamba katika mwaka 2016 asilimia 81 ya vijana wa miaka 11 hadi 17 walioko shuleni hawakufikia kiwango kilichopendekezwa. Mzazi anayeona mwanawe yuko nyuma asijione kuwa ameshindwa peke yake.

## Watoto walio chini ya miaka 5

5. Mtoto mchanga ambaye hajatambaa anafanya mazoezi gani?

Anahitaji kuwekwa sakafuni, mahali safi na salama, mara kadhaa kwa siku. WHO inapendekeza kwamba mtoto wa chini ya mwaka mmoja ambaye bado hajaanza kutambaa alazwe kifudifudi kwa jumla ya angalau dakika 30 kwa siku, akiwa macho na akiangaliwa, kwa vipindi vifupi vinavyogawanywa. Hapo ndipo shingo, mabega na mgongo vinapojengeka. Akilia baada ya dakika moja, mgeuze, kisha ujaribu tena baadaye. Ukilala sakafuni uso wako ukielekeana na wake, atavumilia kwa muda mrefu zaidi. Wakati wa kulala usingizi alazwe chali, kwani hiyo ndiyo njia salama. Asifungwe kwenye kiti au mgongoni kwa zaidi ya saa moja mfululizo.

6. Na wa mwaka 1 hadi 4?

Hawa wanahitaji angalau dakika 180 za shughuli za aina mbalimbali, zikitawanywa siku nzima. Kwa wa miaka 3 na 4, angalau dakika 60 kati ya hizo ziwe za kuhema. Hesabu hii inatisha kwenye karatasi, lakini mtoto wa umri huu huifikisha mwenyewe akiachwa atembee badala ya kubebwa, apande ngazi kwa mwendo wake, na asaidie kubeba vitu vyepesi. Mara nyingi kinachomzuia ni haraka yetu sisi.

7. Je, kigari cha kumfundishia mtoto kutembea kinamsaidia?

Hapana. Hakimwahishi kutembea, na kimesababisha majeraha mengi ya kuanguka kwenye ngazi, kiasi kwamba Kanada ilipiga marufuku uuzaji wake mwaka 2004. Sakafu na fanicha imara ya kujishikilia vinamtosha.

## Katika ratiba ya kila siku

8. Anatoka shule jioni na ana kazi za masomo za kufanyia nyumbani. Hiyo saa nzima itoke wapi?

Swali hili huulizwa kuliko mengine yote, na wazazi wengi huanza kulijibu kwa kutafuta saa moja iliyo tupu. Saa hiyo haipo. Kinachopatikana ni dakika zilizotawanyika, na kazi ya mtu mzima ni kuzikusanya kwa kuzifunga kwenye mambo ambayo tayari hufanyika kila siku.

Anza na safari. Ikiwa mtoto anapelekwa kwa gari, anaweza kushushwa mwendo wa dakika 10 kabla ya kufika, asubuhi na alasiri, na hapo dakika 20 zimeshapatikana bila kugusa ratiba yoyote. Fuata na muda wa kurudi nyumbani. Mtoto aliyeketi darasani kwa saa kadhaa akiketishwa tena papo hapo kufanya hesabu, huifanya kwa uzito na kwa malumbano. Akiachiwa nusu saa ya kucheza kwanza, mara nyingi kazi ileile humalizika haraka zaidi. Mpangilio huu wa mchezo kwanza na madaftari baadaye huwapa hofu wazazi wanaodhani kwamba mtoto hatarudi, lakini ukiwekwa wazi na ukafuatwa kila siku bila kubadilishwa, mtoto huuzoea ndani ya muda mfupi.

Kisha tazama vipindi vidogo: kwenda dukani kwa miguu pamoja, kupanda ngazi badala ya lifti, kuinuka na kunyoosha viungo baada ya kila nusu saa ya kusoma. Siku za mapumziko ya wiki zibebe kilichobaki, na hapo ndipo matembezi marefu ya familia au saa ya mpira inapofaa. Usiyaanzishe yote kwa mara moja. Badiliko moja lililodumu kwa mwezi linazidi mabadiliko matano yaliyokufa kabla ya wiki kwisha.

9. Kazi za nyumba zinahesabika?

Zinahesabika ikiwa zinamfanya mtoto atembee, ainame, ainue au asukume. Kufagia uwanja, kulima bustani, kufua kwa mikono na kubeba ndoo inayolingana na umri wake ni shughuli halali za mwili. Zisichukue nafasi yote ya mchezo, hata hivyo, kwa sababu mtoto ana haki ya kucheza inayotambuliwa na kifungu cha 31 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989. Mzigo pia usizidi nguvu zake: akijipinda upande mmoja anapobeba, upunguze.

10. Ni salama kumwacha atembee kwenda shule?

Inategemea zaidi barabara kuliko umri, ingawa umri una uzito wake. Watoto wadogo, na wengi wao hadi kufikia miaka 9 au 10, hupata shida kukadiria kasi na umbali wa gari linalowakaribia, hata wale wanaojua kanuni zote za kuvuka kwa kichwa. Kwa hiyo mtoto wa umri huo avuke barabara yenye magari akiwa na mtu mzima.

Njia iliyofaulu katika nchi nyingi ni ya majirani kuunda msafara wa watoto, ambao unapita njia moja, kwa saa maalumu, ukiwachukua watoto kutoka vituo vinavyojulikana, huku wazazi wakipokezana kuusindikiza. Mzazi mmoja anatembea siku moja tu kwa wiki, na watoto wanatembea siku zote tano. Pasipo na njia ya waenda kwa miguu, wavae nguo za rangi inayoonekana kwa mbali na watembee wakitazamana na magari yanayokuja.

11. Hatuna uwanja, na nyumba ni ndogo.

Nafasi ya mita mbili inatosha kwa kuruka kamba isiyo na kamba, kucheza muziki, kutembea kama kaa au chura, kusukuma ukuta, na kurushiana soksi zilizokunjwa. Bandika utepe sakafuni na mtoto atatembea juu yake kwa kisigino na kidole, atarukaruka kwa mguu mmoja, kisha atabuni lake ambalo mtu mzima asingelifikiria. Ngazi za jengo, kama zina mwanga na kingo imara, ni kifaa kizuri kwa mtoto mkubwa anayesimamiwa. Hata hivyo ndani ya nyumba pawe mahali pa akiba. Panapopatikana uwanja wa shule au wa ibada unaoweza kufunguliwa saa za jioni, inafaa wazazi wauombe kwa pamoja, kwa kuwa ombi la familia kumi husikilizwa kuliko la familia moja.

12. Nimnyang'anye simu na televisheni?

Kunyang'anya bila kuweka kitu mahali pake huzaa kilio na maficho. Kwa mtoto wa chini ya miaka 2, WHO haipendekezi muda wa kukaa mbele ya skrini. Kwa wa miaka 2 hadi 4, usizidi saa moja kwa siku, na ukipungua ni bora zaidi. Kwa wakubwa hakuna idadi moja iliyowekwa, isipokuwa ushauri wa kuupunguza, hasa muda wa burudani.

Yanayofanya kazi ni mambo ya mahali na wakati: skrini isikae chumbani mwa kulala, isiwashwe wakati wa kula, na isitangulie mchezo wa nje. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12, na kijana wa miaka 13 hadi 18 saa 8 hadi 10. Simu inayokula usingizi usiku hula pia nguvu za kucheza mchana. Kanuni hizi zinawahusu watu wazima wa nyumba hiyo vilevile.

13. Mwalimu anamnyima mtoto mapumziko kama adhabu. Ni sawa?

Si sawa, na mzazi ana sababu nzuri ya kulizungumza shuleni kwa heshima. Jumuiya ya Madaktari wa Watoto ya Marekani ilieleza mwaka 2013 kwamba mapumziko ni sehemu ya lazima ya ukuaji na yasitumike kama adhabu. Mtoto asiyetulia darasani ndiye hasa anayeyahitaji.

Shule ikitaka kuongeza mwendo bila gharama, mfano mzuri ulianzia katika shule ya msingi ya St Ninians mjini Stirling, Scotland, mwaka 2012: kila darasa lilitoka nje kwa dakika 15 kwa siku, watoto wakakimbia au kutembea kwa mwendo wao, wakiwa na sare na viatu vyao vya kila siku. Hakuna mshindi, hakuna vifaa, na hakuna anayebaki benchi.

## Mtoto asiyetaka

14. Mwanangu hapendi michezo kabisa. Nifanye nini?

Mara nyingi anachokikataa ni mashindano, wala si kutumia mwili. Mtoto aliyechaguliwa wa mwisho kila timu zilipogawanywa, au aliyechekwa alipokosa mpira, amejifunza kwamba uwanja ni mahali pa aibu. Kumsukuma arudi palepale kunathibitisha somo hilo. Mtafutie shughuli zisizo na alama wala watazamaji: baiskeli, kuogelea, matembezi yenye lengo, kucheza muziki, kupanda miti iliyo salama, kumpeleka mbwa kutembea. Wengine hupendelea kucheza na mtu mmoja kuliko na kundi.

Inawezekana pia kwamba anakosa stadi. Kurusha, kudaka, kupiga teke na kuruka kwa mguu mmoja hufundishwa, kama vile kusoma kunavyofundishwa, na mtoto asiyezijua huepuka michezo inayozihitaji. Fanya naye mazoezi faraghani kwa mpira mkubwa na laini, kwa umbali mfupi, ukisogea nyuma kadiri anavyofaulu. Akiwa anajikwaa na kuangusha vitu kuliko wenzake wa rika lake kwa muda mrefu, mwone mtaalamu wa afya.

15. Binti yangu aliacha michezo alipobalehe. Ni kawaida?

Hutokea mara nyingi, lakini kuitwa kawaida kusiwe sababu ya kuliacha. Katika takwimu zilizotajwa kwenye swali la 4, wasichana wasiofikia kiwango walikuwa asilimia 85, wavulana asilimia 78. Sababu huwa za kutatulika: sare inayomwonyesha mwili kuliko anavyotaka, kukosa sidiria inayombana vizuri anapokimbia, kukosa mahali pa faragha pa kubadilishia nguo, hofu ya kuchafuka wakati wa hedhi, na maneno ya watazamaji. Mwulize ni lipi kati ya hayo, kisha litatue hilo. Hedhi yenyewe haikatazi mazoezi, na wengine hupata nafuu ya maumivu wanapotembea au kukimbia taratibu.

16. Nimpe zawadi kila anapofanya mazoezi?

Zawadi ndogo inaweza kumsaidia kuanza, ila ikigeuka malipo, siku yatakapokoma naye atakoma. Zawadi bora ni ile inayozaa mchezo zaidi: kamba mpya, mpira, au mzazi aliyeacha kazi zake akatoka naye. Mazoezi yasitumike kamwe kama adhabu, kwani mtoto aliyekimbizwa uwanja mara tano kwa kosa huuhusisha mwendo na fedheha.

## Usalama na mwili unaokua

17. Acheze jua linapokuwa kali?

Michezo mizito ihamishiwe asubuhi au jioni. Katikati ya siku acheze kivulini, anywe maji kabla, wakati na baada ya mchezo, na asisubiri hadi alalamike kiu. Akipata kizunguzungu, kichefuchefu au kuumwa kichwa, aache mara moja na apelekwe mahali pa baridi. Akionyesha kuchanganyikiwa au kuzimia, hiyo ni dharura: mpoze kwa maji huku msaada wa haraka wa matibabu ukitafutwa.

18. Kunyanyua vitu vizito kutamzuia asirefuke?

Hofu hii ni ya zamani na haina ushahidi. Mazoezi ya nguvu yaliyopangwa vizuri, yenye uzito mdogo, mbinu sahihi na msimamizi, hayaharibu urefu. Hatari ipo kwa mtoto anayeshindana kunyanyua uzito mkubwa kuliko wote bila mwangalizi. Kwa wengi, uzito wa mwili wao wenyewe unatosha.

19. Ana kipaji, na kocha anataka afanye mchezo mmoja kila siku.

Viungo vya mtoto anayekua huchoka kwa kurudiwa harakati ileile. Kanuni nyepesi inayotumiwa na madaktari wa michezo ni kwamba saa za mazoezi rasmi kwa wiki zisizidi umri wake kwa miaka, kwa hiyo wa miaka 10 asizidi saa 10. Tena apate angalau siku moja ya kupumzika kila wiki. Kucheza michezo tofauti katika miaka ya mwanzo hakumpunguzii nafasi ya kufika mbali katika michezo mingi. Maumivu yasiyoondoka baada ya kupumzika, kuchechemea, au goti linalovimba chini ya kifuniko chake yapelekwe kwa daktari, asiambiwe ajikaze.

## Hali za pekee

20. Ana pumu. Nimzuie kukimbia?

Usimzuie. Pumu iliyodhibitiwa vizuri inaruhusu michezo karibu yote, na kukaa tu humpunguzia uwezo wa mapafu na moyo. Apashe mwili joto taratibu, awe na dawa yake ya kuvuta karibu, na aitumie kabla ya mchezo kama daktari alivyoelekeza. Akiihitaji tena katikati ya mchezo kila anapocheza, huenda pumu haijadhibitiwa, na tiba yake inahitaji kupitiwa upya.

21. Na kisukari, selimundu au kifafa?

Hakuna hata moja kati ya hayo linalomfungia mtoto ndani, ila kila moja lina tahadhari yake, na mpango upatikane kwa daktari anayemfahamu. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza apimwe sukari kabla ya mchezo na awe na kitu kitamu karibu, kwani sukari inaweza kushuka hata saa kadhaa baadaye. Mwenye selimundu anywe maji mengi, apumzike mara kwa mara na aepuke joto au baridi kali. Mwenye kifafa asiogelee wala kupanda juu bila mtu mzima anayejua la kufanya. Walimu wajulishwe mapema.

22. Mtoto mwenye ulemavu anapaswa kufikia dakika 60 zilezile?

Mwongozo wa WHO wa mwaka 2020 unaweka lengo hilohilo kwa watoto wenye ulemavu, huku ukisisitiza kwamba kiasi chochote ni bora kuliko kutofanya kabisa na kwamba mtoto aanze kidogo na kuongeza taratibu. Kinachobadilika ni mchezo: mpira wenye njuga kwa asiyeona, kiti cha magurudumu katika mbio za kupokezana, kanuni zilizofupishwa kwa anayechelewa kuelewa. Mtoto huyo asipewe kazi ya kutunza alama kila siku huku wenzake wakicheza.

23. Ni mnene na anaona aibu. Nianzie wapi?

Anzia na shughuli zisizoumiza magoti wala kumweka mbele ya macho ya watu, kama kutembea, kuogelea na baiskeli, na ushiriki wewe mwenyewe pamoja na familia nzima. Usipime uzito wake kila wiki wala kuutaja mbele ya wengine. Hesabu badala yake alichoweza leo ambacho mwezi uliopita hakukiweza. Majibu ya swali la 14 yanamhusu pia.

24. Ni wakati gani mchezo usimamishwe na daktari aonwe?

Mtoto mwenye mafua mepesi asiye na homa anaweza kucheza kwa upole. Mwenye homa, kutapika au kuharisha apumzike hadi apone. Aliyegongwa kichwani akaonyesha kuchanganyikiwa, kuumwa kichwa au kuona vibaya asirudi uwanjani siku hiyo, hata akisema amepona, na arudi tu baada ya kuchunguzwa na mtaalamu wa afya.

Jambo zito zaidi ni kuzimia akiwa katikati ya kukimbia, maumivu ya kifua, au moyo kwenda mbio bila mpangilio. Hayo yachunguzwe kabla hajacheza tena, na daktari aelezwe kama kuna ndugu wa damu aliyefariki ghafla akiwa kijana.